Binti yangu huimba na dada wa nyumbani, lakini nikiingia ananyamaza

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mzaliwa wa Lushoto, ninayeishi Dar es Salaam pamoja na mke wangu na binti yetu wa pekee, ambaye atatimiza miaka mitano mwezi wa Novemba. Ninatunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na mke wangu ni muuguzi katika zahanati, kazi ya zamu, kwa hiyo Jumamosi nyingi huwa ameshatoka kabla ya mapambazuko. Nimeanza na habari hizo kwa sababu ndizo zilizonifikisha kwenye jambo ninalokuandikia, jambo ambalo nikilisimulia kijiweni litaonekana la mzaha.

Mwaka huu shule ya awali anayosoma binti yetu ilianzisha darasa la muziki la Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nne kasorobo. Sharti lake ni kwamba mtoto haji peke yake. Lazima aje na mzazi, na mzazi haruhusiwi kukaa pembeni akichezea simu: anavua viatu, anaketi mkekani, anaimba, anapiga makofi, anatikisa manyanga, na kuna wakati anambeba mtoto na kuzunguka naye kwa kufuata mdundo wa ngoma. Mwishoni kila mzazi hupewa karatasi yenye maneno ya wimbo wa wiki hiyo ili auendeleze nyumbani. Ada ni shilingi 10,000 kila Jumamosi, yaani 40,000 kwa mwezi, na mwezi wenye Jumamosi tano ni 50,000. Katika tangazo lao waliandika kwamba muziki huongeza akili ya mtoto na kumwandaa kwa hisabati, na nakiri kwamba ndiyo sentensi iliyonitoa fedha mfukoni.

Niliyekwenda ni mimi. Siku ya kwanza nilikuta akina mama kumi na mmoja na bibi mmoja. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Mwalimu alimwomba kila mzazi aimbe jina la mwanawe kwa sauti yoyote anayoiweza, kisha mtoto amjibu kwa makofi. Zamu yangu ilipofika nilifungua mdomo, sauti ikagoma. Mama mmoja alicheka, sidhani kwa ubaya, na binti yangu akaniinulia macho akisubiri. Hatimaye nililitamka jina lake kama mtu anayesoma orodha ya mzigo ulioingia, naye akapiga makofi kwa furaha kana kwamba nimeimba kweli. Wiki ya pili nilijitahidi kidogo. Wiki ya tatu alikuwapo mke wa fundi mmoja ambaye ni mteja wetu, na Jumatatu iliyofuata, nilipofungua stoo, vijana wa kubeba mizigo walinipokea kwa makofi na jina jipya: Baba Chekechea. Mpaka leo ndilo jina langu, na bosi wangu, ambaye ndiye anayenipa ruhusa ya kuchelewa kila Jumamosi, naye amelizoea.

Mama, mimi sikulelewa hivyo. Marehemu baba yangu alikuwa mtu mwema aliyetusomesha kwa kulima viazi na kabichi, lakini hakuwahi kuimba mbele yetu wala kukaa chini kucheza nasi. Mtoto alimsogelea akiitwa. Nyimbo zilikuwa za mama, jikoni na kitandani, na mvulana akishakwenda jando hata hizo zilikuwa zimekwisha.

Baada ya Jumamosi ile ya tatu niliacha kwenda. Badala yangu nilimtuma binti anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye sote tunamwita dada. Ana miaka 19 na ametoka kijijini kwetu. Alikwenda Jumamosi tano mfululizo, mpaka mwalimu alipoandika kwenye kidaftari cha mtoto kwamba dada anakaribishwa, lakini darasa hilo limeandaliwa kwa ajili ya mzazi na angependa kutuona mmoja wetu. Nilikasirika. Nililipa ada, mtoto alikuwa anahudhuria, sikuona anachodai.

Kinachonisumbua zaidi ni mambo ya nyumbani. Binti yangu sasa anaimba kutwa nzima, anaimba jikoni na dada, anaimba akioga. Mimi nikiingia tu, ananyamaza. Nikimwambia, «Endelea, mama, imba,» anatikisa kichwa na kuangalia sakafu. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika usiku, nami nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi gizani nikitafuta kiberiti, nikamsikia dada akimbembeleza chumbani kwa wimbo wa Kisambaa ambao marehemu mama yangu alikuwa akituimbia. Darasani nyimbo ni za Kiswahili na Kiingereza tu, huo wa Kisambaa dada ameutoa kwao. Maneno niliyakumbuka yote isipokuwa ya ubeti wa mwisho. Nilisimama pale mpaka ukaisha, kisha nikarudi sebuleni bila kiberiti.

Mke wangu anasema tuache darasa hilo. Anasema shilingi 40,000 zinatosha kumlipia mtoto twisheni ya kusoma na kuhesabu, kwamba mtoto wa jirani, anayemzidi wetu miezi michache tu, tayari anasoma sentensi, na kwamba usaili wa darasa la kwanza katika shule tunazozitamani hauna swali la manyanga. Siwezi kumpinga, kwa sababu mimi mwenyewe sielewi tunalipia nini. Je, ni kweli muziki huongeza akili? Je, niache, niendelee kumtuma dada, au nirudi nikawe kichekesho? Na kwa nini mtoto ananyamaza mbele yangu?

Baba Chekechea, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nashukuru kwamba umetia sahihi kwa jina walilokubandika, maana mtu anayeweza kulitumia jina la utani mwenyewe bado hajashindwa nalo.

Umeniuliza maswali matatu, na nimeyasoma mara kadhaa nikijaribu kuona ni lipi lililokukalisha ukaandika. La akili na hisabati unaliuliza kama mtunza stoo anayetaka kuhakiki mzigo, na hiyo ni haki yako, kwa sababu umelipa. Lakini barua yako haikai hapo. Inakaa kwenye ukumbi wenye giza, mtu akiwa amesahau kiberiti. Nitalijibu kwanza lile la mzigo, kisha tutarudi ukumbini.

Kauli kwamba muziki huongeza akili ina historia yake. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo muziki wa Mozart kwa dakika 10, kisha wakawapa majaribio ya kuyapanga maumbo akilini. Walifanya vizuri kidogo zaidi kuliko walipokaa kimya, na faida hiyo ikayeyuka katika dakika 10 hadi 15 hivi. Hawakuwa watoto, hawakuimba, na hawakubaki na akili mpya. Hata hivyo habari ilipotoka mikononi mwa watafiti ilivimba, hata kufikia mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, aliomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa jimboni kwake apewe muziki wa aina hiyo wa kusikiliza nyumbani. Tangazo la shule yenu ni mjukuu wa uvumi huo.

Kuna utafiti unaolikaribia zaidi darasa lenu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya majaribio mawili waliyoyafanya kwa watoto wa miaka minne waliohudhuria darasa la muziki pamoja na wazazi wao kwa wiki sita. Jaribio moja liliwalinganisha na watoto waliofanya sanaa za kuchora na kufinyanga, jingine likawalinganisha na watoto ambao hawakupewa darasa lolote. Walipopima hesabu, msamiati na uwezo wa kuelewa maumbo na mahali, hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba muziki ulikuwa umeongeza chochote. Wiki sita ni muda mfupi, na mambo ya namna hii hayafungwi na utafiti mmoja, lakini ikiwa ulitoa shilingi 10,000 za kila Jumamosi kwa ajili ya hisabati, mkeo ana sababu ya kuuliza.

Lakini sasa tazama upande mwingine. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha habari za watoto wachanga walioanza darasa la muziki wakiwa na miezi sita na kuendelea nalo miezi sita. Kundi moja liliimba na kupiga ala pamoja na wazazi wao. Kundi la pili lilicheza na vitu vya kuchezea huku muziki wa kurekodiwa ukilia pembeni. Muziki ulikuwepo kwa wote. Waliokuwa wakiimba na wazazi ndio waliozidi kutumia ishara za kuwasiliana, kama kunyoosha kidole kuonyesha kitu au kupunga mkono wa kwaheri, na walikuwa wepesi zaidi kutulizwa. Miaka miwili baadaye maabara hiyohiyo ilionyesha kwamba mtoto wa miezi 14 aliyerushwarushwa kwa mdundo uleule wa mtu aliyesimama mbele yake alikuwa mwepesi zaidi kumwokotea mtu huyo kitu alichokiangusha, kuliko mtoto aliyerushwa kwa mdundo usiolingana na wake. Hao ni watoto wadogo sana kuliko wako, na nisingependa ubebe matokeo yao ukayavika binti wa miaka minne. Nimekutajia kwa sababu yanaeleza kile ambacho mwalimu wenu huenda alishindwa kukieleza kwenye kidaftari. Katika darasa la aina hii muziki ni kamba tu. Kinachotafutwa ni nani ameshika ncha ya pili.

Nadhani ndiyo maana hukuielewa barua yake. Wewe ulihesabu mahudhurio, na kwa hesabu yako mtoto alikuwapo. Yeye alihesabu jozi. Shinichi Suzuki wa Japani, mwalimu wa fidla ambaye njia yake ilienea ulimwenguni baada ya Vita Kuu ya Pili, alikuwa akitaka mzazi aanze yeye kujifunza kupiga wimbo mmoja kabla mtoto hajaguswa na somo, ili mtoto amwone mtu anayempenda akihangaika, akikosea na kurudia. Katika utaratibu wa namna hiyo, mzazi asiyejua kuimba hana upungufu wowote. Siku ile ulipolitamka jina la binti yako kama orodha ya mzigo, naye akapiga makofi, somo lilikuwa limekwisha kufanyika. Umeniandikia kwamba alipiga makofi kana kwamba umeimba kweli. Mimi nasoma sentensi hiyo na kujiuliza kama, kwake yeye, hukuwa umeimba.

Hapo naomba nikuulize kuhusu mambo mawili ambayo barua yako inayachukua kuwa yamekwisha kuamuliwa. La kwanza ni kwamba kuimba mkekani si kazi ya mwanamume. Umelirithi hilo kwa baba yako, nami simlaumu mzee wa watu aliyewasomesha kwa kabichi. Ila lugha yetu yenyewe inasita kukubaliana nawe: tunaposema ngoma tunamaanisha chombo, mchezo na mkusanyiko wa watu kwa neno moja, na wanaume wamo humo tangu zamani. Wasukuma wamelima kwa nyimbo, vyama vya Bagika na Bagalu vikishindana kwa kucheza. Pwani wanaume hupiga dufu na kughani kasida. Wavuvi huvuta nyavu kwa kuimba. Sijui kama mzee wako aliwahi kucheza mdumange, ngoma ya Wasambaa, ujanani mwake, nawe pengine hujui, kwa sababu watoto hujua kidogo sana kuhusu ujana wa baba zao. Ulichokiona ni baba asiyeimba mbele ya watoto, na kati ya hilo na mwanamume asiyeimba kuna nafasi kubwa.

La pili ni kwamba vijana wa stoo wanakudharau. Yawezekana. Utani wa kazini unaweza kuwa mkali, na bosi akiuokota huwa mzito zaidi, maana ndiye mwenye ruhusa yako mkononi. Sitaki kukuambia upuuze kitu ambacho unakibeba kila siku kuanzia asubuhi. Lakini wamekuita baba, na jambo walilokutania ni kwamba umeonekana ukiwa na mwanao. Sijui ni wangapi kati ya vijana hao wameacha watoto mikoani wanaowasikia kwa simu tu. Wewe unawajua, mimi siwajui. Sikiliza tena jinsi wanavyolitamka jina hilo, kisha uamue mwenyewe kama ni kejeli tupu au kuna kitu kingine ndani yake.

Kuhusu binti yako kunyamaza, nitakwenda taratibu, kwa sababu hapo ndipo unapoumia. Umelisoma kama kukataliwa. Kuna usomaji mwingine. Mtoto wa miaka minne huangalia uso wa mzazi ili ajue jambo fulani ni la namna gani: la hatari, la kuchekesha, la aibu. Jumamosi tatu alikaa karibu nawe mkekani, akaona mabega yako yalivyojikaza. Huenda alijifunza kwamba kuimba ni kitu kinachomtesa baba, na sasa anapokuona anakiweka chini ili usiteseke. Huenda pia ni jambo jepesi zaidi: kuimba kumekuwa mchezo wake na dada, na michezo ya watu wawili hukatika wa tatu anapoingia na kusimama kuangalia. Kumwambia «endelea, imba» humgeuza mchezaji kuwa mtumbuizaji, na hata mtu mzima hushindwa hapo, kama ulivyoshindwa wewe zamu yako ilipofika. Ungeweza kujaribu kuingia na shughuli yako, ukachambua mchele au ukakunja nguo, ukakaa humo bila kuomba chochote. Siwezi kukuahidi kwamba ataimba siku hiyo.

Sasa tuzipime njia zako. Kurudi darasani mwenyewe kunaonekana ndiyo njia ya kishujaa, lakini ina hatari ambayo washauri wengi huipita kimya: baba anayekuja huku amekunja uso anaweza kumfundisha mtoto zaidi kuhusu kukunja uso kuliko kuhusu wimbo. Ukirudi, nenda kwanza ukazungumze na mwalimu pembeni, siku ya kazi, umweleze ukweli kuhusu sauti iliyogoma. Mwuulize kama unaweza kuanza kwa kushika ngoma badala ya kuimba, au kupiga mluzi, kwa maana mtu akiwa na kitu mkononi aibu hupata mahali pa kukaa. Mwuulize pia kama ana nafasi ya nyimbo za makwao wazazi, kwa sababu darasa linalotaka familia ziingie halafu likaimba kwa lugha mbili tu limeacha mlango nusu wazi. Anaweza kukataa. Anaweza pia kuwa na aibu zake kuhusu tangazo lile la akili, akafurahi kumpata mzazi anayeuliza.

Kuendelea kumtuma dada si kosa kama unavyohofia, wala si suluhisho kama ulivyotarajia. Mtoto amepata mtu wa kumpenda na kumwimbia, na hiyo ni baraka ambayo nyumba nyingi hazina. Usije ukamwonea dada wivu ukamkataza, kwani binti yako ataadhibiwa kwa kosa asilolijua. Hatari iko mbele kidogo. Ana miaka 19, siku moja ataolewa au atapata kazi nyingine, na ataondoka na nyimbo zote. Na niruhusu nitoke nje ya swali lako mara moja: hizo Jumamosi tano ulizomtuma zilikuwa siku zake za kazi au za kupumzika? Kumwimbia mtoto wa mtu mbele ya akina mama kumi na mmoja, akijua kwamba mwalimu anamsubiri mwingine, huenda nako kuna aibu ambayo hakuna aliyemuuliza.

Njia ya mkeo nayo inastahiki kusikilizwa bila kejeli. Shilingi 40,000 ni fedha, na muuguzi anayetoka nyumbani gizani ana haki ya kuuliza zinakokwenda. Iwapo ada hii inawabana, kuacha si kushindwa malezi, kwa maana kuimba jikoni hakuna risiti. Ninachotilia shaka ni haraka yake kidogo. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 hapa nchini ulitaja miongoni mwa umahiri wa mtoto wa umri huo kuhusiana na wenzake, kuwasiliana na kumudu stadi za kisanii, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka malezi yenye mwitikio kati ya nguzo zake, yaani mzazi anayemsikia mtoto na kumjibu. Mtoto wa miaka minne anayekalishwa kwenye dawati Jumamosi baada ya siku tano za shule anaweza kujua herufi mapema na kuchoka na vitabu mapema vilevile. Wengine hawachoki. Mkeo anamjua mwanawe, na anajua usaili wa shule mnazozitamani kuliko mimi.

Huenda pia mambo hayo mawili hayako mbali kama mnavyobishana. Kiswahili husomwa kwa silabi, na mtoto akianza kusoma ba, be, bi, bo, bu, kinachomsaidia ni sikio lililokwisha kuzoea kulikata neno vipande. Mwambie binti yako apige makofi ya neno «mtoto», kofi moja kwa kila kipande. Kisha mwambie mkeo naye apige. Mtu mzima anaweza kupiga mawili, akiimeza ile m ya mwanzo, ilhali ni silabi kamili na makofi ni matatu. Mtoto aliyezoeshwa kuimba na kupiga makofi ana nafasi nzuri ya kuisikia. Mchezo huo hauhitaji twisheni wala darasa la muziki. Unahitaji dakika tano wakati ugali unaiva. Ningefurahi ukamwonyesha mkeo kabla ya mazungumzo ya fedha, si kwa kumshinda, ila kwa kuwa mpaka sasa mnaongea juu ya kitu ambacho yeye hajakiona hata mara moja. Zamu hubadilika. Ikipatikana Jumamosi moja ambayo hayuko kazini, aende yeye mkekani, akurudishie habari za kile alichokiona, kisha mkae mwamue mkiwa wawili mlioona.

Sijakuambia uache wala urudi, na sitafanya hivyo, kwa sababu sijui mishahara yenu, sijui subira ya bosi wako, na sijawahi kuuona uso wa binti yako anapoangalia sakafu. Ila kuna kitu kimoja ulikiandika kwa kupita ambacho mimi sikuweza kukipita. Una wimbo. Umekaa nawe zaidi ya miaka 30, hukuulipia, haumo kwenye karatasi ya mwalimu, na binti yako tayari anaujua bila kujua kwamba ni wako. Hajui kwamba bibi yake aliuimba. Labda hata dada hajui kwamba ulikuwa umesimama pale. Ungeanza kwa kumsimulia mtoto tu, kwa sauti ya kawaida ya kuzungumza, kwamba wimbo ule aliubembelezewa baba naye alipokuwa mdogo kuliko yeye, na kwamba amesahau ubeti wa mwisho.

Kisha uwaulize, yeye na dada, kama wanaukumbuka.